Jinsi ya kuchangisha vifaa vya darasa lako: mwongozo kwa mwalimu anayeanza

Kila muhula unapokaribia, maswali ni yaleyale. Nianze na nani? Pesa ziingie kwenye simu ya nani? Mkuu wa shule akikataa je? Wazazi wakisema wamechoka na michango, nifanyeje? Mwongozo huu ni wa mwalimu ambaye hajawahi kuchangisha, ana darasa moja lenye upungufu, na hana mhasibu wa kumsaidia. Hauhusu kujenga madarasa wala kuezeka. Hayo yana kamati zake na kanuni zake. Hapa ni penseli, karatasi, mikasi, vitabu vya hadithi, chati za ukutani na vifaa vya majaribio ya sayansi, yaani vitu vinavyobebeka na vinavyoisha.

Nitaje msimamo wangu mapema ili usome ukiujua: orodha iliyopigiwa hesabu vizuri huchangisha kuliko maneno ya huruma. Walimu wengi hukesha wakitunga barua ya kuliza watu, halafu mahitaji yenyewe wanayaandika kwa dakika tano: "tunahitaji vifaa mbalimbali." Hakuna anayejua "mbalimbali" ni ngapi, kwa hiyo hakuna anayetoa.

Uwe na haya kabla hujamwomba mtu yeyote

- Ruhusa ya mkuu wa shule kwa maandishi. Mistari mitatu yenye sahihi, tarehe na mhuri inatosha. Ruhusa ya kuambiwa kwenye korido si ruhusa. Siku maneno yakianza, hakuna atakayekumbuka aliikubali.
- Kanuni za michango za mahali unapofundisha. Nchi nyingine zinataka kamati ya shule ipitishe kwanza, nyingine zinataka kibali cha ofisi ya elimu. Muulize mkuu wa shule akuoneshe waraka unaotumika sasa, usitegemee "huwa tunafanya hivi."
- Mtu wa pili. Mwalimu mwenzako au mzazi anayeaminika, atakayeona kila kinachoingia na kila kinachotoka. Asiwe ndugu yako.
- Mahali pa kupokelea pesa ambapo si mfukoni mwako: akaunti ya shule, ya kamati, au duka litakalolipwa moja kwa moja.
- Kauntabuku moja, kurasa zake umezipa namba kwa mkono kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.
- Idadi ya wanafunzi waliopo leo. Rejista ya mwanzo wa mwaka huwa na waliohama na inakosa waliohamia.
- Kabati au sanduku lenye kufuli. Vifaa visivyo na pa kukaa vitakwisha kabla hujavitumia.

Jambo moja la kisheria, nalo halina mjadala. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, kinazitaka nchi zilizouridhia kufanya elimu ya msingi iwe ya lazima na ya bure kwa wote. Kwa hiyo mchango wako ni wa hiari kwelikweli. Mtoto ambaye mzazi wake hakutoa hatajwi, hasimamishwi, harudishwi nyumbani, na anatumia kifaa kilekile anachotumia mwenzake. Kama huwezi kulisimamia hilo, usianze.

Hatua

1. Hesabu kilichopo

Fungua kabati na uandike kila kitu, pamoja na kile ulichokisahau kule nyuma. Tenga mafungu matatu: kinachofaa, kinachotengenezeka, cha kutupa. Kisha pita kwenye stoo ya shule pamoja na anayeitunza. Mara nyingi kuna katoni ya chaki au chati ambazo hakuna aliyeziulizia. Kuomba kitu ambacho shule inacho ni aibu itakayokufuata, kwa sababu atakayegundua ni yuleyule aliyekununulia.

2. Andika mahitaji kwa hesabu, si kwa hisia

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kila mstari wa orodha ujibu: ni kitu gani, cha aina gani, kwa nani, kitatumika mara ngapi, kwa hiyo ni vingapi.

Tuchukue darasa la wanafunzi 48 na muhula wa wiki 12.

Karatasi: kila mwanafunzi anatumia karatasi mbili kwa jaribio la kila wiki. 48 mara 2 mara 12 ni karatasi 1,152. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo unahitaji rimu 3, na karatasi 348 zitakazobaki zitafidia zinazoharibika na kazi za ukutani. (Rimu ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa takriban kilo mbili na nusu. Ukiomba rimu kumi, jua umeomba kilo 25, na uwe na mbebaji.)

Penseli: moja kwa mwanafunzi kila mwezi, kwa miezi mitatu. 48 mara 3 ni 144, sawa na dazeni 12. Penseli hupotea, kwa hiyo ongeza dazeni moja ya akiba.

Mikasi: watoto hawakati wote kwa wakati mmoja. Mkasi mmoja kwa kikundi cha wanne ni mikasi 12, tena ya ncha butu. Gundi vivyo hivyo, chupa 12.

Vitabu vya hadithi: usiombe nakala 48 za kitabu kimoja, labda kama mtakisoma pamoja darasani. Vichwa 12 tofauti, nakala mbili mbili, vitakupa vitabu 24, na mtoto akimaliza kimoja anakuta kingine. Andika na kiwango cha usomaji. Usipoandika, utaletewa vitabu vya watoto wanaoanza silabi wakati wako wanasoma aya.

Kila mstari uupe neno moja pembeni: *lazima* au *ikipatikana*. Ukilazimika kupunguza, utajua pa kuanzia.

Tahadhari: usiongeze idadi eti kwa sababu "watatoa nusu tu." Watu hufanya hesabu. Akiona umeomba penseli 400 kwa watoto 48 katika muhula mmoja, ataacha kukuamini hata kwenye karatasi.

3. Pata bei, kisha ongeza gharama zinazosahaulika

Nenda kwenye maduka yasiyopungua mawili uombe bei kwa maandishi, yenye jina la duka, tarehe, na muda ambao bei hiyo itadumu. Waambie ni vifaa vya shule na ununuzi ni wa jumla. Baadhi hupunguza papo hapo, na mwingine atakuambia, "Mwalimu, hizi rula nachangia mimi." Hapo mchango wa kwanza umeupata hata hujaanza.

Kinachosahaulika ni usafiri, makato ya kutuma na kutoa pesa, na gharama za kuchapa barua. Viingize kwenye orodha kwa majina yake. Mwalimu anayevificha huishia kulipa mwenyewe au kubanduabandua kwenye pesa za penseli, na yote mawili ni mabaya.

4. Gawa mahitaji katika mafungu

Jumla ya mahitaji yote humtisha mtu mmoja. Igawe iwe kitu ambacho mtu anaweza kukimaliza peke yake. Darasa letu la 48 lina vikundi 12 vya wanne, kwa hiyo fungu moja linakuwa: penseli 12, rula 4, mkasi 1, gundi 1, vitabu 2. Mafungu ni 12. Mtu anaweza kuchukua fungu zima, nusu, au mkasi peke yake. Rimu za karatasi, ile dazeni ya akiba na usafiri vinabaki fungu la 13, ambalo kwa kawaida huenda kwa ofisi au mfanyabiashara.

Faida yake utaiona wiki ya pili. "Tumepata mafungu saba, bado matano" ni habari ambayo mtu anaielewa akiwa anatembea.

Tahadhari: mafungu ni ya darasa. Usimwambie mchangiaji kwamba fungu lake ni la mtoto fulani, hata akiomba. Ukifanya hivyo umeshamgeuza mtoto kuwa mdeni wa mtu.

5. Amua kama utapokea vifaa au pesa

Vifaa vina faida ya kutotiliwa shaka: mkasi hauliwi. Ubaya wake ni kwamba utaletewa usivyovihitaji. Pesa hununua hasa unachotaka, lakini zinaleta maneno, na maneno yakishaingia shuleni hayatoki kwa risiti pekee.

Mimi napendelea njia ya katikati: mchangiaji analipa dukani moja kwa moja, duka linaandika risiti kwa jina la shule, na vifaa vinachukuliwa kwa pamoja. Njia hii imejaribiwa kwa upana. DonorsChoose, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2000 na Charles Best, aliyekuwa mwalimu huko Bronx, New York, kwa ajili ya walimu wa shule za umma za Marekani, haimpi mwalimu pesa mkononi. Mwalimu anaweka orodha yake, watu wanachangia, taasisi inanunua na kutuma vifaa shuleni. Huhitaji taasisi kubwa kufanya hivyo. Duka moja lenye mwenyewe mwaminifu na kitabu cha risiti linatosha.

Pesa taslimu zikija hata hivyo (na zitakuja, wazee wengi hawapendi kuzungushwa), zipokeeni wawili, andikeni papo hapo, mpeni aliyetoa stakabadhi, na zifike kwenye akaunti au dukani siku ileile. Zisilale kwako. Hata usiku mmoja.

6. Andika majina ya utakaowaomba

Chukua karatasi, andika majina halisi. "Jamii" haitoi mchango. Anayetoa ni mtu. Anza na walio karibu: wazazi, walimu wenzako, waliosoma shule hiyo zamani, majirani wa shule. Wafuate wenye shughuli zilizo jirani: maduka, mafundi, ofisi, vikundi vya akina mama, vikundi vya akiba, nyumba za ibada. Halafu walio mbali wenye asili ya hapo.

Kwa kila jina andika anachoweza kutoa *kwa urahisi*. Wengi hukosea hapa kwa kumwomba kila mtu pesa. Mwenye kiwanda cha uchapaji ana vipande vya karatasi vinavyobaki akikata, na kwake ni takataka. Kwako ni kadi za maneno za muhula mzima. Fundi seremala ana mabaki ya mbao yanayotosha rafu ya vitabu. Fundi cherehani ana vipande vya kitambaa vya kushonea mifuko ya kuhifadhia vifaa vya kila kikundi. Ofisi zina karatasi zilizochapwa upande mmoja. Hizi za ofisi zikague kwanza kabla ya kuwapa watoto, maana nyingine zina majina ya watu, mishahara au namba za simu. Zenye siri zirudishe. Na mtu asiye na chochote cha kutoa anaweza kuwa na gari la kubebea.

7. Andika ombi fupi

Liweze kusomwa kwenye simu bila kuburuza kidole mara nyingi. Huu ni mfano, jaza nafasi zako:

> Salaam. Mimi ni Mwalimu ______ wa Darasa la Tatu, Shule ya ______. Darasa letu lina wanafunzi 48. Kwa muhula unaoanza tarehe ______ tunahitaji mafungu 12 ya vifaa, kila fungu kwa wanafunzi wanne: penseli 12, rula 4, mkasi 1, gundi 1 na vitabu 2 vya hadithi. Hadi leo tumepata mafungu 3. Fungu moja ni ______. Unaweza kutoa fungu zima, nusu, au kifaa kimoja. Lipa moja kwa moja duka la ______ kwa jina la shule, au leta vifaa shuleni siku ya ______. Wapokeaji ni Bi. ______ na Bw. ______. Tutafunga tarehe ______, na tarehe ______ utapata hesabu yote. Mkuu wa shule anafahamu. Namba ya ofisi ni ______. Asante kwa kutusikiliza, hata kama safari hii huna nafasi.

Sentensi ya mwisho usiifute. Inampa mtu njia ya kukataa bila kukukwepa sokoni mwezi mzima.

Kwa mzazi unayemfahamu, badilisha salamu iwe ya kwenu: shikamoo kwa mkubwa, Mama fulani au Baba fulani kwa mzazi wa mwanafunzi. Kwa ofisi au kampuni, andika barua rasmi yenye nembo na mhuri wa shule, uambatishe bei ya duka na ruhusa ya mkuu wa shule. Barua hiyo ipelekwe kwa mkono. Nenda saa ambayo hawajabanwa na wateja, sema dakika tatu, acha barua, uliza urudi lini.

Tahadhari kuhusu picha: piga kabati tupu, kitabu kilichochanika, ubao uliochakaa. Usipige watoto ili waonekane wanyonge. Kifungu cha 16 cha mkataba niliotaja hapo juu kinamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake na kuvunjiwa heshima, na picha ikishaingia kwenye vikundi vya simu huwezi kuirudisha. Ukihitaji watoto waonekane kazini, pata idhini ya wazazi kwa maandishi, piga mikono inayoandika au darasa kutoka nyuma, na usiweke majina.

8. Omba kwa mpangilio

Usitupe tangazo kwenye kikundi cha wazazi siku ya kwanza. Zungumza kwanza na watu wachache ana kwa ana, upate mafungu mawili au matatu, ndipo utangaze. Tangazo linaloanza na sifuri hukaa kama jahazi ambalo kila mtu anasubiri mwenzake apande aone kama linaelea. Lenye "tumepata matatu" limeshaelea. Na wewe mwenyewe toa kitu, hata rula nne, ujiandike kama wengine.

Chagua wakati. Wiki mbili hadi tatu zinatosha. Kampeni ya miezi miwili huchosha wote. Kwa wanaolipwa mishahara, fungua siku chache kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa wanaolima, baada ya mavuno. Epuka wiki za kulipia mitihani na sare.

Ukishatangaza, toa taarifa ya maendeleo mara moja kwa wiki, si kila asubuhi. Aliyeahidi mkumbushe faraghani mara mbili tu: katikati, na siku tatu kabla ya kufunga. Baada ya hapo mwache.

Kukiwa na mtu mwenye uwezo, usimwombe amalize kila kitu. Mwombe atoe fungu moja kwa kila fungu litakalotolewa na wazazi. Ahadi ya namna hiyo huwasukuma wengine, na darasa halibaki kuwa la mtu mmoja. Hakikisha tu ameikubali kwa maandishi kabla hujaitangaza.

9. Pokea na uandike

Mali bila daftari hupotea bila habari. Safu za kauntabuku yako ni hizi: tarehe, jina (au "hakutaka kutajwa"), alichotoa, namba ya stakabadhi, aliyepokea, shahidi. Ukurasa mwingine wa matumizi: tarehe, duka, kitu, kiasi, namba ya risiti. Ahadi ziwe na ukurasa wao kabisa. Usizichanganye na kilichofika. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, andika sahihi yako, usifute wala usichane ukurasa. Ndiyo maana umezipa namba.

Kila Ijumaa wewe na mwenzako jumlisheni na kutia sahihi. Risiti zipigeni picha, kwa sababu nyingi huchapwa kwa wino unaofifia.

10. Nunua, weka alama, kabidhi

Nunueni wawili. Kagua kabla ya kutoka dukani: fungua katoni, chonga penseli moja uone kama risasi inavunjika, jaribu mikasi miwili mitatu, hesabu kurasa katika vitabu vya bei rahisi. Shuleni, andika jina la shule na darasa kwa makapeni kwenye kila kinachodumu, ingiza kwenye leja ya stoo, kisha mkuu wa shule atie sahihi kwamba vimepokelewa. Tangu hapo ni mali ya shule.

Toa kidogo kidogo. Ukigawa penseli zote siku ya kwanza, wiki ya nne utakuwa huna.

11. Toa hesabu

Ndani ya wiki mbili baada ya kufunga, tuma ukurasa mmoja: tulichoomba, tulichopata, tulichonunua, kilichobaki, vifaa viko wapi. Orodhesha majina kwa alfabeti bila viwango; aliyetoa mkasi na aliyetoa mafungu matatu wasimame mstari mmoja. Bandika nakala kwenye ubao wa matangazo. Wachangiaji waandikiwe na watoto, jina la kwanza tu, sentensi mbili za kile walichofanya na kifaa: "Tulikata maumbo ya pembetatu na kuyabandika." Asante ya kunakiliwa ubaoni na watoto 48 haisomwi na mtu.

Halafu, katikati ya muhula, tuma ujumbe mwingine mfupi: penseli zimebaki dazeni ngapi, vitabu vimeazimwa mara ngapi, nini kimeharibika. Hakuna anayeutegemea ujumbe huu, na ndio unaokumbukwa ukirudi mwaka unaofuata.

Mambo yakienda kombo

*Hakuna aliyejibu.* Angalia kwanza umeomba nani. Ujumbe wa kikundi haumwombi mtu. Chagua majina kumi, uwaandikie au uwatembelee mmoja mmoja. Kama bado kimya, punguza orodha ibaki na mistari ya *lazima* peke yake.

*Wazazi wanasema wamechoka na michango.* Huenda ni kweli. Uliza ni michango ipi na hesabu zake ziko wapi. Ukikuta mchango wa zamani haukutolewa taarifa, usimtetee mtu wala kumlaumu. Waoneshe daftari lako na uwaombe wao wateue mtu wa pili. Safari hii elekeza nguvu kwa wasio wazazi.

*Umeletewa vitabu vilivyopitwa na mtaala, au kompyuta mbovu.* Njia nzuri ni kuandika mapema kwenye ombi vitu usivyopokea. Mtu akishafika navyo mlangoni, shukuru, sema vitakaguliwa, na umwambie wazi kwamba visivyofaa mtavipeleka kwingine. Usikubali shule iwe jalala la ofisi zinazosafisha stoo.

*Mchangiaji anataka bango lenye jina lake, au aje na wapiga picha.* Mpeleke kwa mkuu wa shule. Si uamuzi wako. Akiwa ni mgombea wa uchaguzi, ushauri wangu ni mfupi: mwambie mtamshukuru kwa barua, na watoto hawatapangwa mstari. Wengine huondoka. Waache.

*Mtu anatoa mchango huku anauliza alama za mwanawe.* Rudisha mchango siku hiyohiyo, mbele ya mwenzako, na uandike kwenye daftari kwamba umerudishwa.

*Mkuu wa shule anataka pesa zitumike kwa jambo jingine.* Hapa ndipo utakapoona thamani ya kulipa dukani moja kwa moja. Kama pesa ziko kwenye akaunti ya shule, onesha ombi lililosambazwa na ruhusa aliyoitia sahihi, useme kwa heshima kwamba kubadilisha matumizi kunahitaji kuwauliza waliotoa. Toa wazo la kuwaandikia. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

*Walimu wenzako wamenuna.* Wanaona darasa lako limepata na lao halijapata. Washirikishe kabla hujaanza, si baada. Mahitaji yakiwa makubwa kuliko uwezo wa darasa moja, kama rafu ya vitabu au mashine ya kuchapa, ombeni kwa pamoja.

*Bei imepanda kabla hujanunua.* Ndiyo sababu uliomba muda wa bei kwa maandishi. Ukiwa umepita, nunua kwa mpangilio wa *lazima* na uwaambie wachangiaji tofauti iliyotokea. Usishushe ubora kimyakimya.

*Pesa zimezidi.* Funga mara moja, hata kama bado zinaingia. Tangaza ziada ni kiasi gani na pendekeza itumike kwa nini, kwa mfano mahitaji ya muhula ujao au darasa la jirani, kisha wape wachangiaji wiki moja ya kupinga.

*Vifaa vimeibwa.* Toa taarifa kwa mkuu wa shule siku hiyo, andika kilichopotea kwa kulinganisha na leja, na uwaambie wachangiaji wewe mwenyewe kabla hawajasikia kwa wengine. Usipekue mifuko ya watoto mbele ya wenzao.

*Umehamishwa katikati ya muhula.* Vifaa vinabaki, hata vile vilivyonunuliwa na rafiki zako. Hesabu vilivyopo pamoja na mwalimu anayekupokea, andikeni hati ya makabidhiano, tieni sahihi wote wawili na mtu wa pili, umpe kauntabuku na ufunguo wa kabati, kisha waandikie wachangiaji jina la mwalimu mpya.